Vitabu vya Homilia vya Karne za Kati: Msaada kwa Mhubiri, Chakula kwa Waamini



Ndugu wasomaji, mafrateri, makatekista na waamini wote, katika somo hili tunatazama vitabu ambavyo wengi wetu hatujawahi kuvishika mkononi, ingawa matunda yake tunayala hadi leo. Ni vitabu vya homilia vilivyokusanywa katika Karne za Kati ili kuwasaidia mapadre, mashemasi na wamonaki kulilisha taifa la Mungu kwa Neno.

Kwetu hapa Dodoma somo hili si la historia tu. Parokia zetu nyingi ni pana na zina vigango vingi, vingine vikiwa mbali sana na makao ya paroko. Wakati wa masika mto wa mchanga uliokuwa mkavu hugeuka kuwa mafuriko kwa saa chache, na safari ya padre huishia ng'ambo ya mto. Kwa hiyo Jumapili nyingi anayesimama mbele ya waamini kigangoni ni katekista. Masomo yakishasomwa, watu hukaa na kumtazama. Wanangoja kulishwa. Aseme nini?

Upande wa pili, simu zetu zimejaa homilia zilizokwisha kupikwa. Jumamosi jioni mtu anaweza kupokea kwenye WhatsApp mahubiri matatu ya Injili ya kesho, na sasa akili mnemba inaweza kumwandikia la nne kwa dakika moja. Je, kutumia mahubiri ya mwingine ni wizi? Ni uvivu? Au ni unyenyekevu? Kanisa lilikutana na swali hili zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na majibu yake yana faida kwetu.

Malengo ya somo hili ni matatu: kufahamu vitabu hivi vilitokeaje, kuona jinsi Kanisa lilivyopanga matumizi yake, na kujifunza namna ya kutumia hazina hiyo bila kuwa wavivu wala wadanganyifu.

1. Maana ya maneno

Neno "homilia" limetoka katika Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni mazungumzo ya watu walio karibu. Katika Kanisa, homilia ni ufafanuzi wa Maandiko Matakatifu au wa matini nyingine za liturujia, unaotolewa ndani ya adhimisho. "Mahubiri" ni neno pana zaidi: hata semina, mafungo au mkutano wa hadhara unaweza kuwa na mahubiri.

Kitabu kilichokusanya homilia na kuzipanga kwa kufuata mwaka wa liturujia, kuanzia Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka na kuendelea, kiliitwa kwa Kilatini homiliarium. Katika somo hili tutakiita homiliari. Tofauti yake na kitabu cha kawaida cha mwandishi mmoja ni mpangilio: mtumiaji alitafuta Dominika au sikukuu, akakuta Injili ya siku na maelezo ya Mababa wa Kanisa juu yake.

2. Chanzo: Mababa na waandishi wao

Desturi ya kusoma na kisha kufafanua ni ya zamani kuliko Kanisa lenyewe. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, Ezra anasoma Torati mbele ya watu, na Walawi wanaifafanua ili wasikilizaji waelewe. Bwana wetu mwenyewe, katika sinagogi la Nazareti (Luka 4), alisoma chuo cha nabii Isaya, akaketi, kisha akaanza kueleza.

Katika karne za kwanza, kuhubiri kulikuwa hasa kazi ya askofu. Mtakatifu Augustino alihubiri Afrika ya Kaskazini kwa karibu miaka 40, na zaidi ya mahubiri 500 yake yametufikia. Yametufikia kwa sababu kanisani walikuwepo waandishi wa hati mkato walioyanasa maneno yake alipokuwa akiyasema. Wangekuwa wavivu Jumapili ile, nasi leo tungekuwa maskini.

Augustino ndiye pia aliyetoa jibu la kwanza kwa swali letu. Katika sehemu ya nne ya kitabu chake Mafundisho ya Kikristo, aliyoimaliza yapata mwaka 426, anafundisha kwamba wapo watu wenye uwezo wa kutamka vizuri lakini hawana uwezo wa kutunga. Watu hao wakichukua maneno yaliyoandikwa na wengine kwa hekima, wakayashika moyoni na kuyatoa kwa waamini, hawafanyi kosa. Anatoa sababu: Neno ni mali ya Mungu, na anayelitii ndiye anayelifanya kuwa lake. Mwizi, kwa maana hiyo, ni yule asemaye maneno mazuri huku akiishi kinyume chake. Mafrateri, tuzingatie: Augustino anahamisha swali kutoka "nani ameandika?" hadi "nani anaishi?"

Baada yake alikuja Mtakatifu Gregori Mkuu, Papa kuanzia mwaka 590 hadi 604. Homilia zake 40 juu ya Injili ni kati ya zilizonakiliwa sana katika Karne za Kati. Gregori aliteswa na maradhi ya tumbo, na sauti yake ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya homilia hizo aliziandikisha, akamwachia karani azisome mbele ya watu yeye mwenyewe akiwepo. Baadaye aliona kwamba watu hawakusikiliza kwa ari ileile, akajikaza kusema mwenyewe. Katika tukio hilo tayari tuna mambo mawili yatakayotufuata somo zima: homilia iliyoandikwa inaweza kuokoa mahali ambapo sauti haipo, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya mchungaji anayewatazama kondoo wake.

3. Arles na Vaison: shemasi ashike kitabu

Mtakatifu Caesarius alikuwa askofu wa Arles, kusini mwa nchi tunayoiita leo Ufaransa, kuanzia mwaka 502 hadi 542. Jimbo lake lilikuwa na makanisa mengi ya vijijini. Wakulima waliishi mbali na mji, na askofu hakuweza kuwafikia wote. Hali hiyo haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Bahi, Chamwino au Mpwapwa.

Caesarius alifanya mambo mawili. Kwanza, alitayarisha vijitabu vya mahubiri, mengine yakiwa yake na mengi yakiwa yametolewa kwa Augustino na kurahisishwa. Akavituma kwa maaskofu na mapadre, akiwaomba wavinakili na kuwapa wengine. Lugha yake ilikuwa nyepesi kwa makusudi. Alijua kwamba wasomi wanaweza kushuka hadi kwa watu wa kawaida, ilhali watu wa kawaida hawawezi kupanda hadi kwa wasomi. Simulizi ya maisha yake inasema pia kwamba aliamuru milango ya kanisa ifungwe baada ya Injili, maana kulikuwa na watu waliotoka nje mahubiri yalipoanza. Kumbe tabia hiyo haikuanza kwetu.

Pili, mwaka 529 aliongoza Mtaguso wa Vaison. Mtaguso huo uliwaruhusu mapadre, si maaskofu tu, kuhubiri mijini na katika parokia zote za vijijini. Ukaongeza kwamba padre akishindwa kwa sababu ya ugonjwa, mashemasi wasome homilia za Mababa watakatifu. Hoja yake ilikuwa rahisi: ikiwa shemasi anastahili kusoma maneno ya Kristo mwenyewe katika Injili, kwa nini asistahili kusoma maelezo ya Mababa juu ya maneno hayo?

Hapa tunaona moyo wa homiliari. Kitabu hakikuwekwa ili padre apumzike. Kiliwekwa ili waamini wa kijijini wasikose chakula eti kwa sababu mpishi ni mgonjwa.

4. Karoli Mkuu na Paulo Shemasi

Homiliari iliyojulikana kuliko zote ilitungwa mwishoni mwa karne ya 8. Mfalme Karoli Mkuu, yaani Charlemagne, aliona kwamba vitabu vilivyosomwa katika sala ya usiku vilikuwa vimejaa makosa. Maneno ya Mababa yalikuwa yamepotoshwa na wanakili, na mengine hayakuwa na jina la mwandishi. Akamkabidhi kazi ya kuvisafisha Paulo Shemasi, mmonaki Mbenedikto wa Monte Cassino, Italia.

Paulo alichagua homilia zaidi ya 240, akazipanga katika vitabu viwili: kimoja cha majira ya baridi, kuanzia Majilio hadi Pasaka, na kingine cha majira ya joto, kuanzia Pasaka na kuendelea. Alichota kwa Augustino, Leo Mkuu, Gregori Mkuu, Maksimo wa Torino, Yohane Krisostomo na wengine. Alimchota sana pia Mtakatifu Beda, mmonaki wa Uingereza aliyefariki mwaka 735 na kuacha homilia 50 juu ya Injili.

Tukumbuke kwamba kazi hiyo ilikusudiwa kwanza kwa ajili ya sala ya wamonaki, si kwa mimbari. Lakini padre au abate aliyezisikia homilia hizo usiku alikuwa na kitu cha kuwaambia watu mchana. Ndivyo sala ilivyokuja kuwa maandalizi ya mahubiri. Na mkondo huo haujakauka: kila anayesali Liturujia ya Vipindi, anapofika kwenye Kipindi cha Masomo na kukuta somo la pili kutoka kwa Augustino au Leo Mkuu, anakunywa maji ya kisima kilekile.

Tusisahau pia gharama. Vitabu hivyo viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi za kondoo, mbuzi na ndama. Kwa mfugaji wa Kigogo hesabu ni rahisi: homiliari moja kubwa ilikuwa sawa na zizi zima. Ndiyo maana parokia nyingi maskini hazikuwa nayo, na waliokuwa nayo waliitunza kama kalisi.

5. Watu waelewe: suala la lugha

Kitabu kizuri katika lugha isiyoeleweka ni kisima kilichofunikwa. Mwaka 813, Mtaguso wa Tours uliagiza kila askofu awe na homilia zenye mafundisho ya lazima: imani, uzima wa milele, hukumu, ufufuko, matendo mema na maovu. Ukaagiza zifasiriwe kwa uwazi katika lugha ya watu, iwe lugha ya Kirumi iliyosemwa vijijini au Kijerumani, ili wote waelewe kwa urahisi. Liturujia ilibaki kwa Kilatini. Mahubiri yalishuka hadi kwa watu.

Huko Uingereza, katika miaka ya 990, mmonaki Ælfric alitunga kwa Kiingereza cha wakati ule mikusanyo miwili ya homilia, kila mmoja ukiwa na homilia takriban 40. Alichota kutoka kwa Augustino, Gregori na Beda kupitia homiliari ya Paulo Shemasi. Sababu yake ilikuwa ya kichungaji: aliona vitabu vya Kiingereza vyenye mafundisho potofu ambavyo watu wasio na elimu walivipokea kana kwamba ni hekima kuu. Katika dibaji aliwasihi wanakili wafanye kazi kwa uangalifu, kwa sababu mnakili mzembe hugeuza ukweli kuwa uongo. Onyo hilo linamhusu moja kwa moja mtu anayesambaza homilia kwa kidole kimoja bila hata kuisoma hadi mwisho.

Katika nyanda zetu za kati, Kiswahili kimetuunganisha Wagogo, Warangi, Wasandawe, Waburunge na wengine wengi. Hata hivyo wapo wazee, hasa bibi zetu vijijini, ambao Kiswahili cha vitabuni huwapita juu. Katekista anayeeleza jambo moja kwa Kigogo chepesi katikati ya maelezo yake anatembea katika njia ya Tours. Frateri anayetoka mkoa mwingine naye ajifunze angalau methali na salamu za mahali alipotumwa. Huo ni mwanzo wa homilia.

6. Jirani zetu wa Ethiopia

Tusidhani kwamba vitabu hivi ni habari za Ulaya peke yake. Katika Afrika Mashariki yetu, Kanisa la Ethiopia limekuwa na homilia za kusomwa kanisani tangu zamani. Ufalme wa Aksum uliupokea Ukristo katika karne ya 4, wakati wa mfalme Ezana na askofu Frumentius. Wakristo wa Aksum walitafsiri kutoka Kigiriki kwenda Kige'ez mkusanyo unaoitwa Qerellos, kwa jina la Mtakatifu Sirili wa Aleksandria. Ndani yake mna maandishi ya Sirili pamoja na homilia za Mababa zinazohusu Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431.

Katika karne ya 15 kazi hiyo ilistawi. Mtawa Giyorgis wa Gasicha alitunga Mashafa Mestir, yaani Kitabu cha Fumbo, kikiwa na mafundisho ya kusomwa katika sikukuu na ya kutetea imani. Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala mwaka 1434 hadi 1468, anahusishwa na Mashafa Berhan, Kitabu cha Nuru, chenye mafundisho yaliyoagizwa yasomwe mbele ya watu kanisani. Zipo pia homilia za Malaika Mkuu Mikaeli, Dersana Mikael, zilizopangwa kwa miezi, kwa kuwa huko Mikaeli hukumbukwa kila tarehe 12 ya mwezi.

Waethiopia nao walikutana na tatizo la lugha: Kige'ez kilibaki lugha ya ibada wakati watu wakisema lugha nyingine nyumbani. Bara lilikuwa tofauti, hitaji lilikuwa lilelile: aliyesoma alihitaji kufafanua.

7. Kutoka msaada hadi usingizi

Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza maaskofu wateue watu wenye uwezo, kwa matendo na kwa maneno, wa kuwasaidia katika kuhubiri. Katika miaka hiyohiyo walitokea Wadominikani na Wafransisko. Kukatokea aina mpya ya vitabu: mahubiri ya mfano. Haya hayakuwa tena maneno ya Mababa ya kusomwa kama yalivyo, bali mifupa ambayo mhubiri aliitia nyama mwenyewe: andiko, mgawanyo wa hoja, na visa vya kuvuta masikio. Mdominikani Jacopo da Varazze, askofu mkuu wa Genova aliyefariki mwaka 1298, aliacha mikusanyo iliyotumika kila mahali. Kabla yake Maurice de Sully, askofu wa Paris kuanzia 1160 hadi 1196 na mwanzilishi wa ujenzi wa kanisa kuu la Notre-Dame, alikuwa amewatungia mapadre wake mahubiri rahisi ya Dominika.

Lakini kila msaada una kishawishi chake. Katika karne ya 15 ulienea mkusanyo uliojulikana kwa jina la Dormi secure, yaani "Lala bila wasiwasi". Jina lilieleza faida yake: padre mwenye kitabu hiki angeweza kulala usingizi Jumamosi usiku, maana mahubiri ya kesho yalikuwa tayari, tena bila kusoma sana. Kilichapishwa mara nyingi hata kabla ya mwaka 1500. Hatusemi kwamba yaliyomo yalikuwa mabaya. Tunasema kwamba jina hilo lapasa kutuamsha. Caesarius alitoa kitabu ili waamini wasilale na njaa. Hapa kitabu kinatolewa ili mhubiri alale.

Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulisisitiza kwamba maparoko wawalishe watu kwa Neno angalau Dominika na sikukuu kuu, kwa maneno mafupi na yanayoeleweka. Mwaka 1566 ikatolewa Katekisimu ya Kirumi, iliyoandikwa kwa ajili ya maparoko ili mafundisho yao yawe na msingi mmoja.

8. Kanisa leo linasema nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusyo juu ya Liturujia ya mwaka 1963 (namba 52), ulifundisha kwamba homilia ni sehemu ya liturujia yenyewe. Sheria za Kanisa (kanuni ya 767) zinaweka homilia mikononi mwa padre au shemasi, na zinadai iwepo katika Misa za Dominika na sikukuu za amri zenye mkusanyiko wa watu. Papa Fransisko, katika waraka Furaha ya Injili wa mwaka 2013, alitumia namba nyingi, kuanzia 135 hadi 159, kueleza homilia na maandalizi yake, na mwaka 2014 ukatayarishwa Mwongozo wa Homilia kwa Kanisa lote.

Vipi kuhusu kigango kisicho na padre? Mwongozo wa mwaka 1988 kuhusu maadhimisho ya Dominika bila padre (namba 43) unapendekeza kwamba paroko aandae homilia na kumpa kiongozi wa mkusanyiko aisome, huku maamuzi ya Baraza la Maaskofu yakifuatwa. Tazama jinsi Vaison ya mwaka 529 inavyorudi. Katekista anayesoma maandishi ya paroko wake si kasuku. Anabeba sauti ya mchungaji hadi mahali ambapo miguu yake haikufika.

Jimbo letu lina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Prefektura ya Kitume ya Dodoma ilipoundwa mwaka 1935 ilikabidhiwa Wapasionisti, wana wa Mtakatifu Paulo wa Msalaba, ambaye kanisa kuu letu lina jina lake. Yeye alikuwa mhubiri wa misioni za watu, na mada yake ilikuwa Mateso ya Bwana. Jimbo lilizaliwa mwaka 1953 na kuwa Jimbo Kuu mwaka 2014. Tumerithi shirika la wahubiri. Tusirithi jina bila kazi.

9. Mfano: Gregori na Mpanzi katika nyanda kame

Tuchukue homilia ya 15 ya Gregori Mkuu, juu ya Mpanzi kadiri ya Luka 8. Mfano huohuo tunausoma kwa Mathayo 13 katika Dominika ya 15 ya Mwaka A. Tufuate hatua tatu.

Hatua ya kwanza: kupata kiini. Gregori anasimama kwenye miiba. Anakiri kwamba asingekuwa Bwana mwenyewe aliyesema kwamba miiba ni mali, hakuna ambaye angemwamini yeye, kwa sababu miiba huchoma na mali hupendeza. Kisha anaeleza: mali nayo ni miiba, kwa kuwa huichoma akili kwa mawazo yasiyokoma. Mwishoni anasimulia habari za Servulus, maskini aliyepooza, aliyekuwa akilala kwenye baraza ya Kanisa la Mtakatifu Klementi, Roma. Hakujua kusoma. Kwa sadaka alizopewa alinunua vitabu vya Maandiko, akawaomba wageni aliowakaribisha wamsomee, na hivyo akayajua Maandiko. Alifariki akisikiliza sifa za mbinguni. Huyo, kwa Gregori, ndiye udongo mzuri.

Hatua ya pili: kutenga yaliyo ya wakati wake. Wasikilizaji wa Gregori walikuwa watu wa Roma. Tukisoma homilia yote neno kwa neno kijijini, baraza na wageni wale watabaki mbali.

Hatua ya tatu: kuitafutia kiini nyumba hapa kwetu. Mkulima wa mtama na uwele anaijua mbegu inayochipua kwa mvua za mwanzo na kunyauka ukame unapokatiza msimu. Haina haja ya kufundishwa kwa picha za nchi nyingine. Lakini kwenye miiba tuwe waangalifu. Mfugaji wa hapa anaweza kusema moyoni: "Miiba ni mibaya? Mbona boma langu limezungushiwa matawi ya mgunga, na bila hayo fisi angemaliza mbuzi?" Mhubiri asiyewajua watu wake atapita bila kusikia pingamizi hilo. Anayewajua ataligeuza kuwa mlango: miiba ikikaa pembeni ya boma hulinda, ikiota katikati ya shamba husonga. Vivyo hivyo mali. Ng'ombe, shamba la zabibu, duka, mshahara, vyote vikiwa pembeni vinailinda familia. Vikiota katikati ya moyo, mahali pa mbegu, vinaua. Maana ya Gregori haijaguswa, na mzee aliyekaa nyuma amesikia habari zake.

Na Servulus? Katika jumuiya zetu wapo wazee wasiojua kusoma, nao wana wajukuu wanaosoma shule. Tukimsimulia maskini yule wa Roma, kisha tukawaalika watoto wawasomee babu na bibi Injili ya Dominika kila Jumamosi jioni, homilia itatoka kanisani na kuingia nyumbani.

10. Mambo ya kuzingatia

Kwa mafrateri na makatekista tunapendekeza haya:

(a) Soma Injili kwanza, kitabu au simu baadaye. Anayeanza na homilia ya mwingine huona Injili kwa macho ya kuazima.

(b) Chunguza chanzo. Maandishi yasiyo na jina la mwandishi wala idhini ya Kanisa yapimwe kwa Katekisimu, au yaachwe. Ndiyo kazi aliyopewa Paulo Shemasi.

(c) Taja unayemnukuu. Kusema "Mtakatifu Gregori anafundisha hivi" hakumpunguzii mhubiri heshima. Kunawaonyesha waamini kwamba imani yao ina mababu.

(d) Usiseme "mimi" lisilo lako. Kisa cha padre wa nchi nyingine ukikisimulia kana kwamba kilikupata wewe, hapo umeshavuka kutoka msaada hadi uongo.

(e) Maparoko wanaoweza kuandika kurasa mbili kwa ajili ya vigango wanafanya kazi ya Caesarius. Makatekista wazisome kabla, kwa sauti, zaidi ya mara moja.

(f) Tuweke akiba. Daftari la homilia zilizoandaliwa vizuri, likipangwa kwa Mwaka A, B na C, ni homiliari ya kigango. Likitunzwa, litamsaidia atakayekuja baada yetu.

Hitimisho

Homiliari zilitokana na upungufu: askofu mgonjwa, padre mwenye elimu kidogo, vijiji vya mbali, vitabu vyenye makosa. Kanisa halikuuficha upungufu huo wala kuwaacha watu na njaa; lilichota kwenye ghala la Mababa na kugawa. Ghala hilo liko wazi kwetu kuliko lilivyokuwa kwa kizazi chochote kilichotutangulia. Kinachobaki ni mhubiri ale kwanza yeye mwenyewe, ndipo agawe.

Maswali ya kujadili katika jumuiya na darasani

1. Katika kigango chako, nani huandaa maelezo ya Neno padre asipokuwepo, na anasaidiwa na nani?

2. Eleza tofauti kati ya homiliari ya Paulo Shemasi na mahubiri ya mfano ya karne ya 13.

3. Augustino anamwita nani mwizi wa maneno? Je, unakubaliana naye?

4. Chagua Injili ya Dominika ijayo na homilia moja ya Mababa inayoihusu. Tumia hatua tatu za sehemu ya 9, kisha uandike ukurasa mmoja kwa lugha ambayo bibi yako angeielewa.